Shajara ya mkahawa wa mafunzo: nyuma ya mlango wa jikoni

Januari, wiki ya pili

Mkuu wa chuo ametia saini. Kuanzia mwezi ujao ukumbi wa vitendo unageuka mkahawa wa kweli: Jumanne na Alhamisi, chakula cha mchana, wateja wa nje wanaolipa. Wanafunzi wa stashahada ya uendeshaji wa hoteli, mwaka wa mwisho, ndio watakaonunua, watakaopika, watakaohudumia na kufunga hesabu. Shefu wa chuo na mimi tunabaki pembeni, tunaingilia pale tu mtu anapokaribia kuungua au kuuza kwa hasara.

Kabla ya kufundisha nilikaa miaka kwenye hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja kama msimamizi wa gharama, yule ambaye jikoni wanamwita kosti kontrola, na akiingia tu watu wanaacha kucheka. Kila msimu tulipokea wanafunzi wa fildi. Walijua kukunja vitambaa vya mezani: feni, bata maji, kofia ya askofu. Walijua kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja. Ukimuuliza mmoja wao ile sahani ya juu imeigharimu hoteli shilingi ngapi, kimya. Na niliowaona wakipanda kutoka uhudumu hadi umeneja ni wale waliokuwa na jibu la swali hilo, hata kama bata maji wao alikuwa na shingo iliyopinda.

Fikra ya kuwafundishia wanafunzi kwenye biashara inayofanya kazi si yangu. Skuli ya kwanza ya hoteli duniani ilifunguliwa Lausanne, Uswisi, mwaka 1893, wakati hoteli zilipokuwa zikiota kando ya maziwa ya huko na wenye hoteli hawana watu wa kuziendesha. Marekani ikafuata mwaka 1922, Cornell walipoyaingiza masomo ya hoteli chuo kikuu. Waswisi haohao ndio waliosaidia kujengwa kwa Kenya Utalii College pale Nairobi, iliyoanza kufundisha mwaka 1975, na chuo kile kina hoteli yake ndani ya uzio, yenye wageni wanaolipa. Wakubwa wangu wa kwanza kazini walikuwa wahitimu wa hapo. Ungewajua kwa mkono wao: wanakagua, wanaandika, wanakagua tena. Sisi hatuna hoteli. Tuna ukumbi mmoja, majiko ya gesi, na friza iliyozeeka.

Januari, wiki ya mwisho

Menyu. Wanafunzi walileta orodha ndefu kama ya harusi. Tumeikata ibaki vyakula vikuu vitano. Kila chakula lazima kiwe na kadi yake: vipimo kwa gramu, idadi ya sahani, picha ya sahani ilivyopangwa, gharama. Bila kadi hakipikwi.

Kilichotuchukulia muda ni pweza wa nazi. Kundi la jikoni lilikuwa limeshapanga bei, shilingi 10,000 na wali wake. Nikawauliza wameipataje. "Maalim, Forodhani wanauza hivyo." Basi tukaenda soko la samaki la Malindi alfajiri, mnada ukiwa umepamba moto, tukarudi na pweza wa shilingi 14,000 kwa kilo. Tukampima mbichi, tukamchemsha, tukampima tena. Kila mtu wa pwani amemwona pweza akinywea sufuriani, ila hakuna aliyewahi kuutia mnyweo ule kwenye daftari. Kilo moja ilitoka nusu kilo. Kwa hiyo kilo ya pweza anayeliwa bei yake ni 28,000, wala si 14,000. Sahani ya gramu 150 ina pweza wa 4,200. Ongeza tui, viungo, wali, kachumbari na gesi kidogo, jumla 5,500.

Wakiuza kwa 10,000, chakula pekee kinakula asilimia 55 ya fedha ya mteja, na bado hujalipa mshahara, umeme, maji, sabuni wala sahani iliyovunjika. Mikahawa mingi inalenga chakula kisivuke asilimia 30 hadi 35. Gawa 5,500 kwa 0.35, unapata 15,700 na ushee. Ukumbi ukanuna. "Nani atanunua pweza kwa 16,000?" Swali zuri, na kwangu mimi ndiyo elimu yenyewe ya uendeshaji wa hoteli. Ama upunguze gramu, ama umtafutie pweza njia nyingine, ama ukubali kwamba menyu yako haina pweza. Walibishana mpaka adhana ya adhuhuri. Hatimaye pweza amekuwa supu ya kuanzia, gramu 50, na chakula kikuu cha samaki ni changu wa kupaka, anayetolewa mzima na kichwa chake. Mteja wa Unguja hataki samaki aliyekatwa minofu, na minofu ya samaki mzima mara nyingi haifiki hata nusu ya uzito ulionunua.

Februari, wiki ya kwanza

Tumefungua. Walimu wa skuli ya jirani, watu wa ofisi za serikali, na wazee wawili wa barazani waliokuja kuona kuna nini. Chakula kilitoka kimechelewa lakini kilitoka.

Zamu zinazunguka: jikoni, ukumbini, keshia, stoo, uoshaji. Mfumo wa kuligawa jiko kwa vituo, mmoja wa mchuzi, mmoja wa samaki, mmoja wa vitamu, aliupanga Auguste Escoffier kwenye hoteli ya Savoy, London, miaka ya 1890, na mpaka leo komi, yaani mpishi msaidizi, wa Nungwi anaufuata hata kama jina la Escoffier hajalisikia. Wanafunzi wanaupenda kwa sababu una vyeo.

Stoo hawaipendi. Stoo ni chumba kisicho na dirisha, na anayekaa humo anabishana na kila mtu. Bidhaa zinafika, anazipima, analinganisha na oda na ankara, anazipanga za zamani mbele mpya nyuma, hatoi hata kitunguu bila karatasi yenye saini. Asubuhi anaandika joto la friji, lisizidi nyuzi 5, na la friza. Kipimajoto kinaingia pia kwenye kuku kabla hajatoka jikoni: nyuzi 75 katikati ya nyama, na cha moto kinachosubiri kisishuke chini ya 63. Binti mmoja wa Makunduchi aliyepangiwa stoo wiki hii alimrudisha muuza samaki na tenga lake zima kwa sababu mashavu ya ndani yalikuwa yameshakuwa kahawia. Yule bwana alikuja juu: "Wewe mtoto, mimi nauza samaki tangu hujazaliwa!" Akajibiwa kwa adabu zote, "Ndiyo baba, shikamoo, lakini hawa sipokei." Nimeandika jina la binti huyo pembeni mwa daftari langu. Watu wa manunuzi hotelini wanatafutwa, na wenye uwezo wa kusema hapana kwa sauti ya chini ni adimu.

Februari, wiki ya tatu

Tumefunga hesabu ya kwanza. Bidhaa za mwanzo, jumlisha manunuzi, toa zilizobaki: hicho ndicho kilichotumika. Gawa kwa mauzo. Kwenye kadi tulitarajia asilimia 34. Daftari linasema zaidi ya 40.

Hakuna aliyeiba. Nilisimama kwenye kaunta ya kupakulia nikiwa na mizani. Kadi ya pilau inasema gramu 250. Kijana anayepakua, mkarimu kweli, anapakua kwa jicho, na jicho lake ni la nyumbani kwao: sahani zilikuwa zinatoka na karibu gramu 350. Zile gramu 100, zidisha kwa kila sahani, kila siku ya kufungua. Tumenunua upawa unaojaa gramu 250 kamili. Kijana amelalamika kwamba sahani inaonekana imenyimwa, nami kwa jicho la mgeni nakubaliana naye, kwa hiyo tumebadilisha sahani, si kipimo. Sahani ndogo zaidi, pilau inajaa.

Wiki hii pia tulikuwa na somo la vyumba. Mgeni wetu ni msimamizi wa usiku kutoka hoteli ya kaskazini, mtu wa kuongea polepole. Alieleza kazi ambayo mgeni wa hoteli haioni: saa sita usiku watu wakilala, yeye anaifunga siku. Anatoza vyumba vyote, analinganisha risiti za baa na mkahawa na zilizoingia kwenye mfumo, anatafuta shilingi iliyopotea, na kabla ya alfajiri ripoti iko mezani kwa meneja. Akaandika ubaoni hoteli ya mfano: vyumba 60, vilivyouzwa 45, mapato ya vyumba dola 5,400. Ujazo asilimia 75. Wastani wa bei kwa chumba kilichouzwa, dola 120. Kisha akagawa zile 5,400 kwa vyumba vyote 60, vikiwemo vilivyolala tupu, akapata 90. "Hii 90 ndiyo meneja anaiangalia kwanza," alisema. Mwanafunzi akauliza kwa nini basi wasishushe bei vyumba vyote vijae. Wakahesabu: kwa dola 80 hoteli ikijaa tiki inaingiza 4,800, chini ya zile za mwanzo, na umefua shuka za vyumba 15 zaidi.

Alipomaliza nilihesabu mikono ya waliosema wanaweza kuifikiria kazi hiyo. Michache. Usiku unatisha, na kaunta ya mapokezi ya mchana ina suti nzuri. Lakini njia ya kwenda uhasibu wa hoteli, na ile kazi ya kupanga bei za vyumba kwa msimu na kwa siku, mara nyingi inapita kwenye meza ile ya usiku. Nitaendelea kuwapigia kelele.

Ramadhani

Mchana tumefunga, bila shaka. Mradi umehamia kwenye futari za kubeba, oda zinapokelewa mpaka saa nne asubuhi, kuchukua ni kabla ya magharibi. Uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tambi, kaimati, katlesi, mkate wa kumimina.

Sikutarajia mwezi huu ungefundisha kuliko miezi miwili iliyotangulia. Futari haisubiri. Kwenye mkahawa mteja aliyecheleweshewa anapewa juisi na maneno matamu. Hapa magharibi ikiadhiniwa na chakula chako hakijafika, umekwisha. Kwa hiyo wanafunzi wamejifunza kupanga kwa kurudi nyuma: boksi lifungwe saa kumi na nusu, basi kaimati ziingie mafutani saa tisa na nusu, basi unga uchanganywe saa saba ili uumuke. Wanaandika karatasi ya saa na kuibandika ukutani. Anayeisimamia karatasi hiyo ni kijana wa Pemba asiyependa kabisa kupika. Anapenda kupanga. Nimemwambia asome habari za shughuli na mikutano, kazi za kuendesha karamu za watu mia tano, maana huko ndiko tabia yake ya kuwakera wenzake kwa saa italipwa mshahara.

Friza imezima siku moja umeme ulipokatika, jenereta ikawaka, friza ikakataa. Samaki sasa tutanunua siku ya kupika tu.

Baada ya Idi

Tuliwaalika wazazi kula. Nia ilikuwa waone watoto wao wanafanya nini. Walichokuja nacho wao ni maswali.

Mama mmoja alisubiri mpaka wenzake wamesogea kwenye chai. "Maalim, nataka nikuulize la haki, na unijibu la haki. Mwanangu akiajiriwa huko, atashika chupa?"

"Bi mkubwa, akiwekwa baa au mkahawa wa hoteli ya kitalii, atashika. Sikufichi."

"Na asipotaka?"

Nikamwambia ziko idara ambazo pombe haipiti mikononi mwake: usafi wa vyumba, dobi, uwekaji nafasi, uhasibu, rasilimali watu, vitamu na mikate. Stoo niliitoa kwenye orodha mbele yake, kwa sababu kreti za bia zinahesabiwa palepale penye mchele. Nikamwambia pia ukweli mwingine: mwanafunzi wa stashahada hupitishwa kila idara kwenye fildi, na hoteli nyingine zinakubali kumruka baa mtu akieleza mapema, nyingine hazikubali. Aulize kabla ya kusaini.

Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza lililokuwa zito zaidi. "Na akitoka zamu saa tano usiku, anarudi na nani?"

Maswali ya chupa tunayasikia kila mwaka na yana majibu. Hili la usafiri wa usiku ndilo linalowatoa wasichana wengi kazini kimyakimya. Hoteli ziko Kiwengwa, Paje, Nungwi. Nyumbani ni mjini au kijiji cha upande wa pili. Basi la wafanyakazi likikosekana, au likimwacha barabara kuu akatembea gizani, mwezi hauishi anaacha, kisha tunaambiwa vijana wa Zanzibar hawapendi kazi za hoteli na nafasi inakwenda kwa mtu wa Bara au wa Kenya anayelala kwenye nyumba za wafanyakazi. Tumeongeza maswali mawili kwenye karatasi ya wanafunzi ya usaili wa fildi: basi linafika wapi, na kitanda cha wafanyakazi kipo? Baba mmoja alitaka liongezwe la mshahara. Limo tayari, pamoja na lile la servisi chaji, ile fedha ya huduma anayotozwa mgeni: inagawiwa vipi na kwa nani.

Aprili, masika

Mvua, msimu umelala. Hoteli kadhaa zimefunga kwa matengenezo kama kila mwaka, na wenye mikataba ya msimu wako nyumbani. Ni wakati mzuri wa kuwaonesha wanafunzi upande huu wa kazi, ambao vipeperushi vya vyuo vinauruka. Ukiajiriwa kwa msimu, panga Aprili na Mei yako tangu Desemba.

Tumekaa na kila mmoja kupanga anakotaka kwenda. Wengi walikuja na neno moja, Dubai. Sina ugomvi na Dubai, Doha wala Muscat. Niliowafundisha kazi wako huko na wengine wamerudi na ujuzi wa maana. Mikataba ya hoteli za Ghuba kwa kawaida ina malazi, chakula na usafiri ndani yake, kwa hiyo mshahara mdogo kwa macho unaweza kubaki mzima mfukoni. Lakini nimewaandikia ubaoni: sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu haimruhusu mwajiri kumlipisha mfanyakazi gharama za kumwajiri. Dalali wa mjini anayetaka milioni kwanza, mwachie soda yake mezani uondoke.

Kisha tukatazama kazi ambazo hazina bwawa la kuogelea. Jiko la kupikia abiria wa ndege, uwanjani. Kambi za migodi ya dhahabu kanda ya ziwa, ambako watu wanakula mara tatu kwa siku mwaka mzima bila habari ya msimu. Hospitali kubwa. Meli za kitalii. Kampuni za karamu. Zote zinataka mtu anayejua kadi ya mapishi, joto la friji na hesabu ya mwezi, na hakuna hata moja inayouliza kuhusu kofia ya askofu. Lugha pia: Kiitaliano bado kinamfungulia mtu milango Kiwengwa, na Kifaransa hakijawahi kumtupa mhudumu.

Jirani mmoja alimleta mwanawe aliyemaliza kidato cha nne. Nimemweleza ngazi, kwa kuwa wengi zinawachanganya: ngazi ya 4 na ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada, shahada ni juu ya hapo. Ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini kwa kawaida unatosha kuanzia chini. Nikamshauri aanzie chini kweli. Mwenye shahada asiyewahi kutandika kitanda, siku msimamizi wa vyumba anapomwambia watu hawatoshi, hana la kujibu. Hajui kwamba vyumba 14 au 15 kwa zamu ni kazi ya kutosha mtu mmoja, wala kwamba kila kitanda kinadai angalau seti tatu za shuka: kitandani, kwa dobi, kabatini.

Mei, wiki ya pili

Hesabu ya mwisho ya muhula: gharama ya chakula imeshuka hadi asilimia 35. Upawa umefanya kazi kubwa kuliko mimi. Faida ni ndogo lakini ipo, na imeandikwa kwenye daftari la chuo ili asitokee mtu wa kuikopa.

Nafasi za fildi zimetoka, kuanzia Juni msimu ukifunguka. Wengi wamepata mapokezi na ukumbi, kama walivyoomba. Wa Makunduchi amekwenda idara ya manunuzi, hoteli ya pwani ya mashariki yenye basi linalofika mpaka kijijini kwao. Hilo la basi aliliuliza mwenyewe kwenye usaili, kabla ya mshahara. Wa Pemba yuko idara ya shughuli. Yule mkarimu wa pilau amekubaliwa jikoni, na shefu aliyemfanyia usaili alimpa mizani na sufuria ya wali, akamwambia apakue sahani kumi zinazolingana.

Meza ya usiku imechukuliwa na mmoja, msichana niliyedhani hasinzii darasani kwa sababu ananisikiliza. Kumbe alikuwa akimalizia hesabu za duka la baba yake chini ya dawati.

Kwa muhula ujao nimeomba ratiba igeuzwe: wiki zote za mwanzo ni stoo na kadi za mapishi, kisha uoshaji, kisha jiko, ukumbi mwishoni. Mwalimu wa huduma ya mezani amepinga, anasema wanafunzi watakimbia kabla hawajaigusa trei. Tumekubaliana kujaribu kwa darasa moja, na yeye abaki na saa zake mbili za vitambaa kila Ijumaa.